Pasaka Mombasa na watoto watatu: tule wapi?

*Swali la msomaji:* Tunashuka Mombasa Pasaka hii, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Tuko sita: mimi na mume wangu, mama mkwe wa miaka 72 mwenye sukari, na watoto wa miaka 13, 8 na 4. Huyo wa kati ana mzio wa njugu, na si mchezo, tulishawahi kumkimbiza hospitali usiku. Tumekodi nyumba Nyali yenye jiko. Tunakuja na treni ya asubuhi na kurudi na ya saa tisa Jumatatu, gari hatuna. Nimetenga shilingi 30,000 za chakula. Mara ya mwisho tulizunguka na njaa, tukagombana, tukaishia kula chipsi siku tatu mfululizo. Marafiki wamenitumia orodha ya hoteli 22. Nichague zipi?

*Jibu:* Dada, hiyo orodha ya hoteli 22 ifunge kwanza. Naamini nusu yake ningeitaja hata mimi. Lakini orodha haijui kwamba una mtoto wa miaka 4 anayezidiwa na usingizi saa nane mchana, wala haijui kwamba mavyaa wako (ndivyo tunavyomwita mama mkwe huku kwetu) lazima ale kwa wakati wake. Kwa miaka niliyofanya kazi jikoni, na mingine niliyotembeza wageni, familia nilizoziona zikigombana mezani karibu zote zilikuwa zimekaa kwenye hoteli nzuri, saa mbaya. Nikisema hoteli nakusudia mahali pa kula; pa kulala mshajipatia.

Hata mimi mwenyewe yamenikuta. Jumapili moja ya Pasaka niliwapeleka dada zangu na watoto wao, jumla watu 11, kwenye hoteli ya ufuoni niliyokuwa nikiisifu kwa kila mtu. Sikupiga simu, nilijiona mwenyeji. Tukaagiza saa moja jioni. Samaki wakaja saa tatu na nusu, wawili wakiwa bado wabichi karibu na mfupa, na watoto wadogo wameshalala kwenye viti vilivyounganishwa, wamefunikwa leso. Nikaenda kuchungulia jikoni, mazoea ya kazi hayo, nikakuta jiko la makaa moja na mchomaji mmoja, na meza zisizopungua 30 zinamsubiri yeye. Siku ya kawaida kijana yule angetosha kabisa. Tangu hapo, kabla sijauliza hoteli ina nini, huuliza inapika vipi.

Mombasa, kwa shida yako, kuna majiko ya namna mbili. La kwanza ni la sufuria: biryani, pilau, wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mbaazi, maharagwe. Chakula kimeiva kabla hujafika. Ukiagiza unapakuliwa tu. Watu sita wanaweza kuwa wanatafuna ndani ya dakika kumi. Ila chakula cha sufuria kina mwisho. Biryani ya mjini hupikwa kwa ajili ya mchana, na ukichelewa hadi saa tisa utakuta masala yaliyobaki chini yamekauka, au weita atakwambia "imekwisha." Ukiambiwa imekwisha usinune, maana hoteli inayomaliza chakula chake haikupashii cha jana.

La pili ni jiko la kuagiza: mshikaki, kuku wa kuchoma, samaki mzima, pizza. Kila sahani inaanza ukishasema, na siku za sikukuu sahani zenu zinapanga foleni nyuma ya za wengine. Kwa hiyo kwa familia kama yenu mimi hupanga hivi: mchana mle vya sufuria, na vya makaa mvifuate mapema jioni, saa kumi na mbili mkiwa mmeshakaa. Watalii na vijana wa mji huanza kujaa baada ya saa moja na nusu. Wao wakifika, nyinyi mnaomba bili.

Sasa Ijumaa, ambayo ndiyo siku yenye mitego zaidi, hata kwa Wakenya wanaodhani wanaijua pwani. Ijumaa Kuu ni Ijumaa, na kisiwani, yaani mjini kwenyewe ng'ambo ya daraja la Nyali, hoteli nyingi za Kiswahili ni za Waislamu. Kuanzia kama saa sita na nusu hadi karibu saa nane milango inafungwa, watu wako msikitini. Mara nyingi hiyo Ijumaa ndiyo siku ya biryani, kwa hiyo waliotoka msikitini wanakula ndipo unapofika wewe. Mshukuru Mungu Ramadhani mwaka huu inakwisha kabla ya Pasaka. Mwaka 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya mfungo, na nilipokea simu nyingi mchana kutoka kwa wageni waliosimama mbele ya milango iliyofungwa wakiuliza mji umehamia wapi.

Treni ya asubuhi itawatua stesheni ya Miritini mchana, watoto wamechoka na joto limewapokea mlangoni. Kutoka hapo hadi Nyali ni safari nyingine, na siku hiyo barabara zimejaa watu kama nyinyi. Usipange chakula cha mchana mjini kabisa. Bebeni chakula cha ndani ya treni kutoka nyumbani: mayai ya kuchemsha, chapati, matunda. Mavyaa wako ale njiani saa yake ya kawaida. Mkifika, ogeni, laleni.

Jioni hiyo msivuke daraja. Kaeni huko huko Nyali, muende City Mall kando ya barabara ya Malindi au Nyali Centre. Najua mtu atakucheka kwamba umesafiri kutoka Nairobi kuja kula kwenye mall. Mwache acheke. Usiku wa kwanza kila mtu ana njaa yake: wa miaka 13 anataka pizza, mdogo anataka chipsi, na bibi, ikiwa ni Mkatoliki anayeshika Ijumaa Kuu, hagusi nyama. Mahali ambapo kila mtu anachagua chake bila kura kupigwa panawaondolea ugomvi wa kwanza. Kwa samaki muulize kwanza kama yupo, kwani siku hiyo kila Mkristo wa mji huu anamtafuta huyo huyo. Kisha pitieni supermarket mnunue maziwa, mayai, ndizi na majani ya chai. Staftahi ya Jumapili na Jumatatu ipikwe kwenye jiko lenu, ambalo mmeshalilipia.

Jumamosi ndiyo siku ya kisiwa. Vukeni daraja la Nyali mara moja tu, asubuhi, na mrudi usiku. Kosa la wageni wengi ni kwenda mjini asubuhi, kurudi Nyali kupumzika, halafu kutaka kwenda tena jioni, wakakuta daraja limesimama. Tokeni kabla ya saa mbili, na msile nyumbani. Mji wa Kale asubuhi unanuka iliki na mafuta ya moto. Kuna mahamri na mbaazi za nazi, vitumbua, na viazi vya rojo, vinauzwa kwenye vihoteli vidogo na vibarazani. Mbaazi nazo hazingoji. Ikifika saa nne sufuria nyingi zimeoshwa. Mwambie mtoto wa miaka 4 avunje hamri kwa mkono wake na kuchovya, asahau kijiko. Sijaona bado mtoto aliyekataa mahamri, na nimelisha watoto wagumu.

Vichochoro vya huko ni vyembamba na sakafu yake haiko sawa, kwa hiyo mama mkwe apande tuktuk mpaka karibu iwezekanavyo, naye akichoka baraza ziko kila mahali, zimejengwa kwa kazi hiyo hiyo. Vaeni nguo za kufunika mabega. Hakuna atakayewafukuza mkivaa vinginevyo, lakini mtapokelewa kwa uso mwingine. Kisha Fort Jesus. Mreno aliijenga kati ya 1593 na 1596, na kuta zake ni nene vya kutosha kuwapa watoto kivuli cha saa mbili. Msiingie saa tano mkitoka saa saba. Ingieni saa tatu, mtoke saa tano na nusu, kwa sababu miguu yenu inatakiwa iwe Kibokoni kabla ya saa sita na robo.

Kibokoni ndiko iliko Island Dishes, na hapo ndipo ningewakalisha mchana. Ni hoteli ya Kiswahili isiyojifanya kitu kingine: biryani, pilau, wali wa nazi, samaki, sharubati za matunda. Pombe hakuna, kama kwenye hoteli nyingi za mtaa huo, kwa hiyo bwana avumilie hadi kesho. Agiza kwa akili. Pilau ya pwani ina viungo vingi, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, lakini haiwashi. Pilipili inakaa pembeni kwenye kibakuli chake na kachumbari. Kwa hiyo pilau ni ya watoto. Biryani ya Mombasa wali wake hupikwa peke yake na masala peke yake, ukakutanishwa kwenye sahani, na masala yale ndiyo yenye ukali wakati mwingine. Omba masala yaletwe kwenye bakuli la pembeni. Sahani nne kwa watu sita zinatosha. Mpakuaji wa huku hana mkono mdogo.

Baada ya hapo joto la saa nane litawashinda, na kurudi Nyali nimeshawakataza. Nendeni Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyofunguliwa upya 2019. Mibuyu mikubwa ina kivuli, upepo unatoka baharini, mdogo atalala kwenye leso. Meli zinazoingia Kilindini zinapita karibu hivi kwamba watoto wanaweza kuhesabu makontena. Alasiri wauzaji wanaanza kutengeza meza zao: viazi karai vya rangi ya manjano na ukwaju, mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa ikatiwa ndimu na pilipili, kachri (vipande vyembamba vikavu vya kukaanga), madafu. Hivi ni vya kuonja, visiwe chakula cha usiku. Nunueni sahani mbili za viazi mgawane. Simameni kwa muuzaji ambaye karai lake linachemka sasa hivi, na anayekaanga huku mnamwona. Kilichokwisha kukaangwa na kulundikwa kwenye kioo mkiache.

Jioni mna njia mbili. Ya kwanza ni Tarboush, barabara ya Makadara: kuku wa kuchoma, mshikaki, shawarma, naan za moto, meza za nje, kelele za mji. Ni jiko la makaa, kwa hiyo mfike saa kumi na mbili, kabla ya watu wa Jumamosi. Kijana wa miaka 13 ataipenda kuliko mahali pengine pote mtakapoenda. Pana dunia yake. Njia ya pili ni Recoda, Mji wa Kale, ambako jioni watu wa mtaa hula mahamri, chapati, maharagwe ya nazi, viazi na nyama. Mimi binafsi ningekwenda Recoda. Lakini sina mtoto wa miaka 4 aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, na Tarboush usafiri wa kurudi Nyali unapatikana mlangoni. Chagueni Tarboush.

Jumapili ni siku ya pesa kubwa, na pia ya makosa makubwa. Kila mtu atakwambia muende bafe ya Pasaka kwenye hoteli za kulala za ufuoni, Nyali, Bamburi au Shanzu. Kwa familia nyingine ningesema ndiyo: watoto hulipa nusu mahali pengi, chakula hakisubiriwi, na wakati mwingine mnaruhusiwa kuogelea, mradi muulize mapema kama bwawa limo ndani ya bei na kama vinywaji viko nje. Kwenu nasema hapana. Kwenye bafe mtu huchota saladi ya njugu kwa kijiko, akakirudisha kwenye wali. Jikoni waweza kuwa waangalifu kama malaika. Mezani kuna wageni 200 wasiojua mtoto wako yupo. Nimesimama nyuma ya meza hizo miaka mingi, na vijiko vile vinatembea.

Kwa hiyo mlo mkubwa wa Jumapili uwe wa kuagiza, mchana, mahali ambapo watoto wanaweza kusubiri bila kukaa. Hilo la kusubiri bila kukaa wazazi wengi hulisahau. Mtoto wa miaka 4 ana dakika 15 za kiti, basi. Mkipata meza iliyo karibu na mchanga, nusu saa ya jikoni inageuka kuwa mchezo. Ningewapeleka Yul's, Bamburi, ufuoni kabisa: samaki, pizza, na aiskrimu ambayo watu wa Mombasa hufunga safari kuifuata. Misa ya kwanza, kisha Haller Park iliyo Bamburi hapo hapo, twiga hula mkononi mwa watoto, kisha meza yenu saa sita kasoro robo. Tokeni mapema, barabara ya Malindi siku hiyo inabeba watu wote wanaokwenda ufuo wa umma wa Pirates, na hao ni nusu ya mji.

Pigeni simu leo, msingoje wiki ya Pasaka. Piga saa nne asubuhi, wakati jiko limetulia na mtu ana muda wa kukujibu, si saa saba mchana. Uliza mambo matatu: Jumapili mna wachomaji wangapi, meza za nje zina paa, kwa sababu Aprili masika huanza na mvua ya huku haipigi hodi, na mpishi anaweza kupika bila njugu wala korosho. Usikilize jibu linavyokuja. Anayesema "subiri nimuulize mpishi" ni wako. Anayesema "hakuna shida, hakuna shida" kabla hujamaliza swali, mshukuru, ukate simu. Wakitaka arubuni, tuma kwa nambari ya malipo ya hoteli yenyewe, na jina linalotokea kwenye M-Pesa ulisome kabla ya kubonyeza.

Kuna Tamarind pia, ambayo bila shaka imo kwenye orodha yako. Iko ng'ambo ya Mji wa Kale, juu ya mkono wa bahari, na kwa vyakula vya baharini jina lake halikuja bure. Kwa watu sita itameza karibu fungu lako lote. Ikiwa mama mkwe anaweza kukaa na watoto Jumapili usiku, wapewe uji au mkate na mayai nyumbani, wewe na bwana nendeni wawili. Ni karibu na mlikokodi. Lakini hilo liwe kwenye mfuko mwingine, lisiguse 30,000.

Ya samaki nikumbushe, kwa sababu yanaleta ugomvi wa bili. Samaki mzima mara nyingi huuzwa kwa ukubwa, na menyu huandika bei ya kuanzia tu. Mwambie weita akuletee samaki mbichi umwone, ataje bei, ndipo akaangwe. Na kwa watoto usiagize tafi wala changu. Ni watamu lakini miiba yao ni midogo na mingi. Chukua nguru au jodari aliyekatwa vipande, nyama tupu. Samaki wa kupaka, yaani wa kuchomwa na kupakwa rojo la nazi, mpeni bibi.

Sasa mzio, nisikilize vizuri hapa. Wapwani hupikia nazi zaidi kuliko njugu, kwa hiyo vyakula vyetu vya sufuria kwa kawaida haviko na shida hiyo. Hatari imejificha pembeni. Kashata unaijua. Halua mara nyingi ina lozi au korosho. Kulfi na faluda, vitamu vya baridi vya Kihindi, hunyunyiziwa lozi au njugu juu. Bhajia za mchanganyiko humwagiwa chevda juu, vile vitafunio vikavu vya Kihindi, na chevda ina njugu. Kwenye hoteli za Kihindi, ambazo mjini ni nyingi na nzuri, rojo zito jeupe mara nyingi limekolezwa kwa korosho iliyosagwa, na halionekani kwa macho. Na aiskrimu ile ya Jumapili, kijiko cha kuchotea kimetoka kwenye ndoo gani? Omba kijiko kipya na ndoo isiyofunguliwa, au mtoto apate ya kijiti iliyofungwa kiwandani.

Andika karatasi ndogo uiweke mkobani. Kwa Kiswahili, kwa sababu mpishi ndiye atakayeisoma: "Mtoto huyu akila njugu, karanga, korosho, lozi, au kitu kilichokaangwa kwenye mafuta yake, anashindwa kupumua." Usiandike "mzio" peke yake, neno hilo wapo wanaolichukua kama kuwashwa ngozi. Taja njugu na karanga zote mbili, maana kila mtu ana lake. Mpe weita aipeleke jikoni na irudi na jibu. Dawa ya mtoto iwe kwa mtu mzima mmoja anayejulikana, siku zote, hata Mama Ngina, na mkifika tu Nyali muulize mwenye nyumba hospitali ya karibu inayofanya kazi usiku.

Kuhusu bibi: kwenye hoteli nyingi ndogo chai ya maziwa huchemshwa na sukari ndani yake. Ukiomba "chai bila sukari" unaweza kuletewa ile ile, mtu akidhani hutaki kuongezewa. Omba chai ya rangi ichemshwe upya, au kahawa chungu ya tangawizi, ambayo kwa asili yake haina sukari. Sharubati za ukwaju na pasheni zinatiwa sukari kwa mkono mkubwa, na dafu nalo ni tamu, anywe kidogo. Wali nusu sahani, samaki mzima, mchicha wa nazi, na amalize kwa papai badala ya kaimati. Kiasi daktari wake ndiye mwenye kauli. Langu ni saa: asikae na njaa kwa sababu nyinyi mnapiga picha.

Pesa ningezigawa hivi: Ijumaa usiku 5,000, Jumamosi nzima 9,000, mchana wa Jumapili 11,000, na 5,000 zilizobaki ni za supermarket, matunda na ya njiani. Angalia chini ya menyu kama bei zimejumlisha kodi. Mahali pengine VAT ya 16%, ushuru wa utalii wa 2% na ada ya huduma ya 10% huja juu yake, na chakula cha 10,000 kinakuwa 12,800 wakati watoto wameshamaliza kula. Hoteli za Kibokoni bei ni ile unayoiona. Kwa wauzaji wa Mama Ngina bebeni noti ndogo.

Jumatatu haina mpango mrefu. Kuleni mayai yaliyobaki, fungeni mizigo. Njia ya kwenda Miritini inaweza kupita kisiwani kabla ya Makupa na Changamwe, kwa hiyo Jumapili jioni pigieni hoteli ya mjini simu, muagize pilau sita za kufungiwa, mzichukue saa tano na nusu mkiwa njiani. Saa saba na nusu muwe stesheni, kwa sababu pale mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, na foleni ya sikukuu haina huruma. Pilau, dada, si biryani: rojo la biryani litamwagika kabla hamjafika Mariakani. Na pilipili ya ukwaju inayokuja na pilau ifungwe peke yake, mbali na nguo. Nina shati jeupe la kazi ambalo halijawahi kurudi kuwa jeupe.